Tuwaajiri wanaowajua nyoka

Mwaka 2007 swila mmoja wa Pwani ya Kenya alipata jina lake mwenyewe katika sayansi: Naja ashei. Kabla ya hapo vitabu vilimhesabu kuwa ni yule yule swila wa shingo nyeusi, ila rangi yake ya kahawia. Huyu si nyoka wa kufichika. Hukua akapita mita mbili, na katika jamii ya swila watemao sumu hakuna anayemzidi kwa ukubwa duniani kote. Mwaka 2004, katika kituo cha Bio-Ken kilichoko Watamu, mmoja wao alikamuliwa akatoa mililita 6.2 za sumu kwa mara moja. Jitu la namna hiyo liliishi kando ya mashamba ya watu miaka yote bila ya wataalamu kukubaliana kwamba lipo.

Aliyekuwa akilisema jambo hilo ni James Ashe. Aliwahi kutunza nyoka wa makumbusho ya Nairobi, kisha mwaka 1980 yeye na mkewe Sanda wakaanzisha Bio-Ken. Alimkamata swila huyo, akamtazama magamba na mwenendo, akashikilia kwamba ni aina ya peke yake. Ushahidi wa vinasaba ulikuja baadaye sana, mikononi mwa Wolfgang Wüster wa Chuo Kikuu cha Bangor na Donald Broadley wa Zimbabwe, waliomwandika rasmi nyoka huyo na kumpa jina la Ashe. Mwenyewe alikuwa ameshafariki, mwaka 2004.

Maafisa wanaopanga ajira katika wizara za afya na za maliasili wangekisoma kisa hiki kwa makini. Kazi ya mwanazoolojia wa nyoka wenye sumu inajulikana kwa sura moja tu, ile ya televisheni: mwanamume mwenye kofia, mkono mkiani mwa nyoka, na sauti ya kunong'ona. Sehemu kubwa ya kazi yenyewe haina mtazamaji. Ni kuhesabu safu za magamba mgongoni, kupima meno, kuandika mahali na saa nyoka alipopatikana, kufungua tumbo la aliyekufa barabarani ili kujua alikula nini. Ni kurudia hayo mwaka baada ya mwaka hadi tofauti ndogo ionekane.

Hata wasomi wakubwa hukumbukwa kwa lisilo lao. Karl Patterson Schmidt alifanya kazi miongo mingi katika Field Museum ya Chicago na alikuwa miongoni mwa wajuzi wakuu wa nyoka wa zama zake. Septemba 1957 aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ya mji huo ili amtambue. Alikuwa bumslangi, nyoka wa mitini wa Afrika, lakini gamba moja halikuwa kama vitabu vilivyosema. Alipokuwa akimshika ili amchunguze, nyoka akamuuma kidole gumba. Schmidt aliandika dalili zake moja moja, kichefuchefu, homa, damu kwenye fizi, na siku ya pili akafa. Alikuwa na umri wa miaka 67. Leo jina lake likitajwa, watu wengi hutaja daftari la saa zile chache, na maandiko ya maisha yake yote yakabaki rafuni.

Funzo la kisa chake liko kwenye lile gamba. Kumtambua nyoka kunaamua chupa gani ifunguliwe hospitalini.

Dawa ya sumu ya nyoka hutengenezwa kwa kumdunga farasi kiasi kidogo cha sumu kwa wiki na miezi, mwili wake ukajenga kinga, kisha kinga hiyo ikachujwa kutoka kwenye damu. Albert Calmette wa Ufaransa alionyesha njia hiyo miaka ya 1890, na msingi wake haujabadilika sana. Kinga inayopatikana huijua ile sumu iliyodungwa na zile zinazofanana nayo. Basi. Dawa ya mchanganyiko ya Afrika Kusini, ambayo hospitali nyingi za ukanda huu zimeitegemea, hutengenezwa kwa sumu za nyoka kumi. Koboko mweusi yumo, kifutu yumo, swila wa Msumbiji yumo. Bumslangi hayumo, ana dawa yake ya pekee. Hayumo pia yule kipiri mdogo wa nchi kavu za kaskazini mwa Kenya, anayesugua magamba yake yakatoa sauti kama mafuta yachemkayo kikaangoni. Mchungaji aliyeumwa na kipiri huyo anaweza kufikishwa hospitali mapema, akakuta friji lina dawa, na dawa hiyo isimfae.

Ghana iliyaona madhara ya kosa la namna hiyo. Hospitali moja ya vijijini ilipobadilishiwa dawa, ikapewa nyingine isiyowafaa nyoka wa pale, vifo miongoni mwa walioumwa vilipanda kutoka asilimia 1.8 hadi 12.1. Hospitali ilikuwa ile ile; kilichobadilika ni dawa.

Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mwaka 2017, na linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani. Wanaobaki na mguu uliokatwa au ulemavu mwingine wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Wengi ni wakulima na watoto. Kwa tatizo la ukubwa huo, nchi zetu zina wataalamu wa nyoka wa kuhesabika.

Wapo, na kazi yao inaonekana. Huko Karen, Nairobi, kituo cha utafiti kilicho chini ya taasisi ya utafiti wa nyani kinashirikiana na Shule ya Tiba ya Tropiki ya Liverpool kupima kama dawa zinazouzwa zinazizima kweli sumu za nyoka wa Kenya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Kim Howell, aliyefundisha zoolojia kwa miongo kadhaa na kushiriki kuandika kitabu cha mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 2002. Howell alikuwa pia miongoni mwa watatu waliomtangaza, mwaka 2011, kipiri mwenye pembe wa kusini mwa Tanzania, Atheris matildae. Mahali hasa anapoishi nyoka huyo walipaficha makusudi, kwa kuwaogopa wafanyabiashara wa wanyama wa kufugwa. Si kila mtu angeweza kuvumilia kugundua kitu kisha akanyamaza.

Na tusidhani ujuzi huu uliletwa kwa meli. Mwingereza C. J. P. Ionides, askari wa wanyamapori aliyejiunga na idara hiyo ya Tanganyika mwaka 1933, alikaa Liwale na baadaye Newala, akakamata maelfu ya koboko wa kijani kwenye mikorosho na miembe ya uwanda wa Makonde. Wenyeji walimwita Bwana Nyoka. Kuna mjusi asiye na miguu, aishiye chini ya udongo wa kusini, anayeitwa Loveridgea ionidesii: nusu ya jina ni ya Arthur Loveridge, mtaalamu mwingine wa enzi hiyo, na nusu ni ya Ionides. Lakini nani alimwonyesha Ionides mti gani una nyoka? Wakulima, ambao aliwalipa kwa kila taarifa. Majina yao hayakuingia katika jina la kiumbe chochote.

Watakaouliza ni kwa nini tuajiri watu wa nyoka wakati hata wauguzi hawatoshi, wana hoja. Waangalie pia bili. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama wa porini, na nyoka wenye sumu walikuwamo kwenye orodha. Madai yakarundikana, na mjadala ukageukia namna ya kuwaondoa nyoka kwenye orodha hiyo. Fidia ya kifo kimoja ingemlipa mtafiti kijana mshahara wa miaka.

Mtu mmoja katika kila kaunti au mkoa wenye nyoka wengi, Kitui, Baringo, Kilifi, Mtwara, angetosha kuanzia. Apewe pikipiki, fimbo ya ndoano, viatu vya ngozi na simu ambayo namba yake imebandikwa zahanati zote. Amwambie mfamasia nyoka gani wapo na dawa ipi iagizwe kabla ya mvua. Aende shuleni kueleza kwa nini jiwe jeusi na wembe havisaidii, na kwa nini jicho lililotemewa na swila lioshwe kwa maji mengi mara moja. Vyuo vyetu vinatoa wahitimu wa zoolojia kila mwaka, na baadhi yao walikua Newala na Kitui, wakijua tangu utotoni ni mkorosho upi usiopandwa kabla ya kuutazama vizuri. Kinachokosekana ni tangazo la kazi.