Mafuta ya Mimea Yapewe Kazi Yanayoiweza

Tangu dumuzi aingie Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 akitokea Amerika ya Kati, mkulima wa mahindi wa Afrika Mashariki amelazimika kuishi na dawa ya unga. Fukusi tuliyemzoea alitoboa punje. Dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita Scania, huisaga ikawa vumbi. Dawa iliyowamudu wote wawili ilibidi ichanganywe: pirimifosi-methili kwa fukusi, permethrini kwa dumuzi. Hadi leo dawa za aina hiyo ndizo kinga ya wengi, na manung'uniko ni yale yale: bei, dawa bandia madukani, na hofu ya kula sumu.

Hapo ndipo yanapotajwa mafuta ya kunukia, yale yanayokamuliwa kwa mvuke kutoka kwenye karafuu, mchaichai, mkaratusi na jamii za kivumbasi. Wanaoyapigia debe wanataka yachukue nafasi ya dawa za viwandani. Naamini mafuta haya yana nafasi ghalani, lakini si hiyo. Kumkabidhi mkulima chupa ya mafuta huku mahindi yake yakibaki kwenye gunia la kawaida ni kumtafutia hasara.

Uwezo wa mafuta kuua wadudu hauna ubishi. Mwaka 1998 watafiti, akiwamo mkemia Ahmed Hassanali wa icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye makao Nairobi, walichapisha matokeo kuhusu kafuri itokanayo na Ocimum kilimandscharicum, mmea wa jamii ya kivumbasi. Kafuri hiyo iliwaua fukusi na dumuzi. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba nguvu yake kwenye nafaka hushuka haraka.

Sababu iko kwenye asili ya mafuta yenyewe. Viambato vyake ni vyepesi, hugeuka hewa upesi, humwingia mdudu kupitia matundu ya kupumulia na kuvuruga mishipa yake ya fahamu. Wepesi huo unaovifikisha kwa mdudu ndio unaovitoa kwenye gunia. Mahindi ya chakula hukaa miezi mingi hadi mavuno mengine, na katika muda huo wadudu wapya hawaachi kuingia kutoka nje. Tena chupa ya maabara isiyo na nafaka si kihenge: punje zenyewe hufyonza sehemu ya mafuta, hivyo kipimo kilichotosha kwenye chupa tupu hakitoshi kwenye mahindi.

Kuna na hesabu ya gharama. Tuchukue kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo ya mahindi. Gunia la kilo 100 litahitaji mililita 100. Majani mabichi ya kivumbasi kwa kawaida hutoa mafuta yasiyofikia asilimia 1 ya uzito wake, kwa hiyo gunia moja litakula kilo 10 hivi za majani au zaidi, mbali na kuni, maji na mtambo. Hayo ni kwa kutia mara moja tu. Karafuu ina mafuta mengi zaidi, na Pemba kiwanda cha Wawi hukamua hata makonyo yake, lakini mafuta hayo yana wanunuzi wa manukato na dawa ambao mkulima wa mahindi hawezi kushindana nao kwa bei.

Wala tusidanganyane kwamba kilichotoka shambani hakidhuru. Kafuri ikimezwa huweza kumtia mtoto degedege. Baadhi ya mafuta hupunguza uotaji wa mbegu, na mengine huacha harufu kwenye unga.

Basi mafuta haya yafanye kazi gani? Kwanza, usafi wa ghala kabla ya mavuno: kuta, sakafu, nyufa na magunia ya zamani, mahali wadudu wa msimu uliopita wanapojificha. Hapo kuyeyuka kwake ni faida, maana mahindi mapya yataingia harufu imeshapungua. Pili, kunde na maharage kidogo kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana, ambamo mvuke haupati pa kutokea upesi.

Kazi kubwa ya kulinda mahindi ya mwaka mzima iachiwe ukavu na kuziba hewa. Mfuko wa tabaka tatu, uliobuniwa Cameroon miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, huwaua wadudu kwa kuwanyima oksijeni, bila dawa yoyote. Unahitaji mahindi makavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na ghala safi, kwa sababu dumuzi hutoboa plastiki. Usafi huo ndio mafuta yanaoweza kuusaidia.

Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, iyatake mafuta haya yasajiliwe yakiwa na kipimo, muda wa nguvu na matumizi mahususi. Wapo watakaosema usajili utawaua wazalishaji wadogo, na wana hoja. Tangu 1996 Marekani imeyasamehe usajili wa shirikisho baadhi ya mafuta ya mimea, ya karafuu yakiwamo. Sisi tupunguze ada na tufupishe njia kwa mimea tunayoijua, lakini tusisamehe ushahidi. Mafuta ya mmea mmoja hutofautiana kwa udongo, msimu na jinsi ya kukamua, hivyo majaribio yafanyike kwenye maghala ya wakulima kwa msimu mzima wa kuhifadhi.

Na fedha za umma, kwa kuwa hazitoshi kila kitu, zitangulie kwenye maturubai ya kukaushia, vipima unyevu na mifuko isiyopitisha hewa. Mkulima akishakuwa na hivyo, chupa ya mafuta itamfaa. Akiwa nayo peke yake, atakayeshiba ni dumuzi.