Namba haidaiwi



Jumapili chache zilizopita, baada ya ibada ya pili, kijana mmoja niliyemfundisha Kipaimara alinisubiri nje ya ofisi ya usharika. Ni fundi cherehani, mwimbaji wa kwaya, mtu wa adabu. Baada ya kunisalimia alitoa simu akanionyesha programu aliyoinunua kwa Sh 20,000. Kazi yake ni kuchambua namba za bahati nasibu. Inahifadhi matokeo ya nyuma na kuhesabu kila namba imetoka mara ngapi. Zinazotoka sana inazipaka rangi nyekundu, zilizochelewa inazipaka bluu, kisha inakupangia tiketi ya kucheza.

"Mchungaji, namba 17 ina wiki 31 haijatoka," akaniambia. "Inadaiwa. Wiki hii lazima ilipe. Naomba uniombee tu."

Nilimkaribisha ndani, tukachukua kalamu na karatasi kabla ya kuomba.

Mchezo wake ni wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Ukizipanga namba hizo kwa kila namna inayowezekana, unapata mafungu 13,983,816, na fungu la ushindi ni moja tu. Anayecheza tiketi mbili kila wiki anahitaji, kwa wastani, zaidi ya miaka 134,000 ili apate mara moja. Tangu Bwana wetu azaliwe Bethlehemu haijatimia hata miaka 2,100.

"Lakini programu inapunguza mafungu," akasema. Hapo ndipo penye mtego, na si yeye peke yake aliyenaswa. Programu inahesabu vizuri, wala haidanganyi kuhusu yaliyopita. Shida ni kwamba mpira unaozunguka ndani ya mashine hauna kumbukumbu. Haujui kwamba juzi ulitoka, wala haujui kwamba una wiki 31 ndani. Rusha shilingi mara tano, ikiangukia upande wa picha mara zote tano, mara ya sita bado ni nusu kwa nusu. Shilingi haina aibu ya kujirudia.

Mwezi Septemba 2009, bahati nasibu ya Bulgaria ilitoa namba 4, 15, 23, 24, 35 na 42. Siku nne baadaye zikatoka namba zile zile sita. Serikali ikaagiza uchunguzi, maana watu hawakuamini. Mchambuzi yeyote angewaambia wateja wake waziepuke namba hizo kwa kuwa zimetoka juzi tu.

Na Italia kuna habari ya kusikitisha zaidi. Katika droo ya mji wa Venice, namba 53 ilikaa karibu miaka miwili bila kutoka. Kila wiki ilipokosa, watu walizidi kuamini kwamba sasa imekaribia. Waliweka akiba zao, wengine wakakopa. Namba ilitoka Februari 2005, lakini vyombo vya habari vilikuwa vimekwisha kuripoti familia zilizofilisika na watu waliojiua. Hawakuwa wajinga. Waliamini tu kwamba kilichochelewa lazima kilipe.

Msomaji mmoja ataniuliza, mbona hata Biblia ina kura? Ni kweli. Mithali 16 inatufundisha kwamba kura hutupwa na watu, lakini uamuzi wake uko kwa Bwana. Mitume walipiga kura Mathiya akachaguliwa. Lakini angalia walivyofanya: waliomba, wakatupa, wakapokea. Hakuna aliyekaa kuchambua kura za nyuma ili amjue Mungu ataamua nini. Kura ile ilikuwa ya kumwachia Mungu uamuzi. Programu hii inataka kumwahi.

Tulipomaliza, tukapiga hesabu ya daftari lake. Kwa miezi saba alikuwa akitumia Sh 6,000 kwa wiki: jumla Sh 180,000, bila bei ya programu. Anashonea cherehani ya kukodi. Nikamuuliza, labda kwa ukali kupita kiasi, nani alimfundisha kwamba kitu kikichelewa sana lazima kilipe.

Aliinamisha kichwa, akatabasamu kwa heshima. "Si wewe, Mchungaji? Mkesha wa mwaka mpya ulituambia waliochelewa zamu yao imefika."

Nilinyamaza. Nilisema kweli maneno hayo, na watu walipiga makofi. Nilisema mwaka huu ni wa kupokea, kwamba mliosubiri sana mmekaribia kuliko wote. Tofauti ya mahubiri yale na rangi ya bluu kwenye simu yake sikuiona, na hadi leo naitafuta. Wote wawili tulimfundisha kwamba kusubiri ni deni, na kwamba kuna mahali deni hilo litalipwa kwa mkupuo. Mimi nilimweka Mungu pale ambapo programu inaweka namba 17.

Kumbe Bwana Yesu alilisema jambo hili kwa namna nyingine, katika Mathayo 20. Kulikuwa na watu waliochelewa kuingia shambani, wa saa kumi na moja. Walikuwa sokoni tangu asubuhi, na walipoulizwa sababu, jibu lao lilikuwa kwamba hakuna aliyewapa kazi. Mwenye shamba hakuwaita wavivu. Jioni waliopata ujira kamili hawakuupata kwa sababu walikuwa wanadai. Waliupata kwa sababu bwana yule alikuwa mwema. Mungu hadaiwi. Anatoa.

Lakini kuna jambo tunaliruka katika mfano ule: mwenye shamba alitoka mwenyewe kwenda sokoni, mara tano kwa siku moja, kutafuta wasio na kazi. Hakuwatumia ujumbe kwamba zamu yao imefika.

Ni rahisi kuwakemea vijana kwa kamari, na kamari inastahili kukemewa, maana inachukua kwa wengi wasio nacho ili impe mmoja. Lakini kijana anayenunua programu ya kuchambua namba si mvivu. Anakesha, anaandika, anapiga hesabu. Ana bidii isiyo na mahali pa kwenda.

Alipoondoka nilibaki nikitazama picha ya kwaya iliyo ukutani ofisini. Sare zile mpya za zambarau tulizishonesha mjini mwaka jana, kwenye duka kubwa, kwa fedha za usharika. Yeye amesimama mstari wa pili, amevaa sare iliyoshonwa na mtu mwingine. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza. Mimi mwenyewe nilisaini hundi.

Baraza la wazee linakutana wiki hii, na sare za watoto wa shule ya Jumapili ziko kwenye ajenda. Nitasema. Na wewe msomaji, kabla hujamwambia kijana wa jirani aache kucheza namba, jiulize kama kuna kazi mkononi mwako ambayo ungeweza kumpa.

Jumapili njema.