Kuhesabu Vina Si Kusoma Utenzi

Liko jambo katika madarasa mengi ambalo halisemwi, na sasa yafaa lisemwe waziwazi. Mtoto aulizwapo juu ya utenzi hujibu upesi: kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vina vya vipande vitatu vyalingana, na cha nne ndicho kirudicho tangu mwanzo hata mwisho. Kisha hutaja wahusika: huyu mwema, huyu mbaya. Mwalimu hutia alama ya vema, na kazi imekwisha. Walakini mtoto yule akiulizwa utenzi ulimwambia nini, hunyamaza. Sisi tulio walimu huku Endasak, chini ya mlima Hanang, twakataa kuliita hilo kusoma.

Tutwae Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Kisa chenyewe ni cha kale zaidi. Askofu Edward Steere wa Unguja alikwisha kukipiga chapa mwaka 1870. Mfalme wa Pate alimwogopa Liyongo, akamfunga kwa minyororo. Mama yake alimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wakakila wao. Basi Liyongo akamtuma Saada kwa maneno ya wimbo: mama aoke mkate mzuri na mwingine wa pumba, na ndani ya ule wa pumba atie tupa. Ujumbe ukapita wasiutambue. Wakala mkate mzuri, wakamtupia ule wa pumba. Kisha akaomba gungu lichezwe. Na ngoma ilipovuma, ndipo alipokata minyororo yake, wala hakuna aliyesikia tupa.

Angalieni, wasomaji, jinsi sauti ilivyofanya kazi. Wimbo ulimpatia tupa, na kelele za ngoma zikamfungua. Afundishaye vina vya kisa hiki pasipo kuvisoma kwa sauti afanana na wale walinzi: wimbo umempita, naye anatafuna mkate laini.

Na wahusika ni vivyo hivyo. Mwana wa Liyongo aliahidiwa makuu na mfalme, akamwuliza baba yake siri ya kufa kwake, akaambiwa: sindano ya shaba kitovuni. Akamchoma usingizini. Kumwandika "mbaya" daftarini ni rahisi. Waulizeni watoto: ni nani aliyeanza uovu huu, mfalme aliyeahidi au mwana aliyekubali? Mbona baba alimwambia? Na mama, aliyekwenda kumbembeleza mwanawe pale kisimani, amepiga magoti na upinde mkononi, kumbe amekwisha kufa, alikuwa na hali gani moyoni? Pasomeni mahali hapo kwa sauti. Kile kina cha mwisho charudi tena na tena, kilekile cha siku za furaha, na msikilizaji hana pa kukimbilia.

Wako watakaotujibu kwamba mtihani huuliza mizani. Na iulizwe, hesabu hatuikatai. Mchungaji naye huhesabu mbuzi wake jioni, lakini amjuaye kila mmoja kwa rangi na kwa mlio ndiye atambuaye yupi amepotea.

Wengine husema kwamba watoto wa huku, Wairaqw na Wadatoga, hawakunyonya Kiswahili, kwa hiyo tenzi za pwani ni mzigo kwao. Neno hili twalikataa kabisa. Mtoto wa Kiiraqw aliyemsikia mzee akitoa slufay, na watu wakimwitikia, ajua tayari kwamba neno zito lina mwendo wake na lina mwitikio wake. Sikio analo, darasani ndiko linakozibwa.

Basi, walimu wenzetu na ninyi wazazi, utenzi usomwe kwanza kwa sauti, watoto wakisikiliza na vitabu vyao vimefungwa. Kisha waseme ni nani aliyenena, ni nani aliyenyamaza, na kila mmoja alitaka nini. Mwisho ndipo mizani zihesabiwe, wapate kujua kwa nini walisikia kama walivyosikia. Na jioni nyumbani, mzazi amwambie mwanawe, "Nisomee." Akisoma beti tatu, na bibi yake akaacha kupeta mahindi ili asikilize, mtoto huyo amesoma utenzi.