Upandikizaji uloto ni hatua kubwa, lakini vita ya selimundu ianzie wodi ya wazazi

Tangu mwaka 2021, Tanzania imo miongoni mwa nchi chache za Afrika zinazopandikiza uloto ndani ya mipaka yake. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kwa wagonjwa wa mailoma, ambayo ni saratani ya uloto. Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza kuwahudumia watoto wenye selimundu, ugonjwa unaofahamika zaidi kwa jina la sikoseli. Wagonjwa waliokuwa wakilazimika kusafiri nje ya nchi sasa wanaweza kutibiwa nyumbani. Hata hivyo, ili mwananchi azipime vema taarifa hizi, hana budi kufahamu huduma hiyo inamfaa nani.

Uloto ni tishu laini iliyo ndani ya mifupa, na humo ndimo damu hutengenezwa. Saratani kama lukemia na mailoma hutokea pale chembe za damu zinapozaliana bila udhibiti na kuzisonga zilizo na afya. Selimundu si saratani, wala haiambukizi. Ni ugonjwa wa kurithi ambapo chembe nyekundu hupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo, hali inayoleta maumivu makali, upungufu wa damu na hata kiharusi.

Upandikizaji hauhitaji kumpasua mgonjwa. Chembe shina huingizwa kupitia mshipa baada ya dawa kali kuusafisha uloto ulioharibika. Mgonjwa wa mailoma hurudishiwa chembe zake mwenyewe zilizovunwa mapema. Mtoto mwenye selimundu huhitaji mchangiaji, kwa kawaida ndugu wa baba na mama mmoja anayelingana naye kinasaba. Uwezekano wa kila ndugu kulingana naye ni asilimia 25. Mchangiaji hapaswi kuhofu kupungukiwa, kwa kuwa uloto wake hujijenga upya.

Hapo ndipo mipaka ya huduma hii inapoonekana. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka. Wengi wao hawatapata ndugu anayelingana nao, na hospitali mbili haziwezi kuwahudumia wote. Jambo zito zaidi ni kwamba mtoto asiyetambuliwa mapema anaweza kufariki kwa maambukizi kabla ya kutimiza miaka mitano, na familia ikabaki ikidhani aliugua malaria. Mtoto huyo hata foleni ya upandikizaji haifikii.

Nyenzo za kumwokoa ni za gharama ndogo kuliko upandikizaji. Tone la damu kutoka kisiginoni mwa mtoto mchanga hutosha kuutambua ugonjwa. Penisilini inayotolewa kila siku hadi umri wa miaka mitano, pamoja na chanjo ya nimonia, humkinga dhidi ya maambukizi. Haidroksiyurea nayo hupunguza vipindi vya maumivu na haja ya kuongezewa damu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana kwa familia hizi iwapo dawa hizo zitapatikana katika zahanati na vituo vya afya vya karibu, mwezi baada ya mwezi.

Kwa upande wao, wenzi wanaotarajia kuzaa wanashauriwa kupima. Iwapo wote wawili wamebeba vinasaba vya selimundu, kila ujauzito una uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Mtoto anayevimba viganja na nyayo au mwenye macho ya manjano apelekwe kupimwa bila kuchelewa. Vivyo hivyo kwa mwenye homa isiyokoma, fizi zinazovuja damu au uvimbe wa taya, kwani hizo zaweza kuwa dalili za saratani. Mafanikio ya Dodoma na Muhimbili yatakamilika pale kila mtoto atakapotambuliwa mapema kiasi cha kuishi hadi kuyafaidi.