Jicho la Sidii Lipanguswe Kwanza

Jina la Nakuru, wasemavyo wengi, latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Mji ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2021, vumbi halikuhama. Hutanda juu ya kijilenzi cha mashine kuukuu za sidii, nyimbo zikarukaruka. Hapo baadhi ya mafundi hushika bisibisi, wakazungusha kiskrubu cha kuongeza nguvu ya leza. Hiyo si tiba! Leza iliyochoka hufufuka siku chache, kisha huungua. Twasema: pangusa kwanza, taratibu, kwa pamba na tone la spiriti safi. Wala fundi asichungulie mwale huo; hauonekani vema, lakini wadhuru macho. Vijicho vya asili vya mashine nyingi za miaka ya 1980 havitengenezwi tena.