Mkaja Usingoje Harusi

Kwa watu wa pwani, posa haikamiliki mpaka mama wa binti akumbukwe. Baba ana kilemba chake. Mama ana mkaja na ubeleko. Vijana wengi wanaotoa fedha hizo leo huzitoa kama mtu alipaye ushuru wa kivuko, wala hawaulizi majina hayo yametoka wapi. Mkaja ni nguo aliyojifunga mama tumboni baada ya kumzaa huyo binti. Ubeleko ni nguo aliyombebea mgongoni. Wazee wetu walipokaa kupanga heshima za ndoa, walikumbuka kwamba kabla ya bibi harusi palikuwa na mzazi kitandani, tumbo limelegea, kiuno kinauma, na nguo zake zimechakaa kwa kazi hiyo. Wakasema: nguo hizo ni deni, na mkwe atalilipa.

Ni desturi njema sana. Lakini, ndugu msomaji, deni hilo huchukua miaka 20 au zaidi kulipwa, na mzazi anauhitaji mkaja leo. Ndiyo sababu nimeshika kalamu. Nataka tuzungumze juu ya zawadi tunazompelekea mwanamke aliyejifungua, kwa kuwa naona tunakosea, na tunakosea tukiwa na nia njema.

Tazama tunavyofanya. Habari ikifika kwamba fulani amejifungua salama, swali letu la kwanza ni: "Wa kike au wa kiume?" Tukishajibiwa, mbio dukani. Tunanunua vijinguo, soksi, kofia, poda, na sabuni yenye picha ya mtoto anayecheka, tunafungasha kwa karatasi ya kung'aa na utepe. Tukifika tunapokezana mtoto, tunabishana kafanana na nani, tunakunywa chai ambayo pengine mzazi mwenyewe ameinuka kuichemsha, kisha tunaaga. Tumetimiza wajibu. Mzazi anabaki na furushi la nguo ambazo hata moja haimwingii.

Nasema hivi kwa kuwa yamenipata. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, katika juma la kwanza nilihesabu suti 11 za kitoto. Nyingi zilimbana kabla hajazivaa. Na katika juma hilo hilo mimi nilikuwa nimeichana kanga yangu vipande ili nijisitiri na damu ya nifasi, kwa sababu pedi zilikwisha na niliona haya kumtuma mume wangu dukani. Waliokuja kunipongeza hawakujua, wala sikuwaambia. Aliyejua ni jirani mmoja, mwanamke mtu mzima. Yeye hakuomba ampakate mtoto. Aliomba ndoo ya winda akaifue. Ndani ya ndoo akaviona vile vipande vya kanga. Hakusema neno. Jioni alirudi na furushi lililofungwa kwa gazeti: pakiti tatu za pedi, kipande cha sabuni ya mche, na chupa ya chai iliyojaa uji wa pilipili manga. Akaniambia, "Huu ni wa usiku, mwanangu. Usimpe mgeni."

Zile suti 11 leo sikumbuki hata rangi zake. Uji ule naukumbuka mpaka harufu.

Basi hoja yangu ni hii: zawadi ya uzazi ni haki ya mzazi kwanza. Najua nitajibiwa kwamba mtoto ndiye mgeni, na mgeni ndiye anayeandaliwa. Lakini mtoto mchanga anahitaji nini? Anahitaji titi, joto, usafi na usingizi. Yote manne humfikia kupitia kwa mama yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo, bila hata maji ya kunywa, kisha aendelee kunyonya huku akilishwa mpaka miaka 2 na zaidi. Kwa miezi hiyo 6, njia ya kumlisha mtoto ni moja tu: kumlisha mama yake. Anayempelekea mzazi bakuli la supu amempa zawadi mtoto pia. Anayempelekea mtoto kofia ya tano hajampa kitu hata mmoja wao.

Sasa tulifungashe boksi la zawadi ya mzazi. Si lazima liwe boksi la duka. Kikapu cha ukindu kinafaa, na beseni linafaa zaidi, maana litatumika siku hiyo hiyo.

Anza na mwili. Damu ya uzazi huweza kuendelea kutoka kwa majuma kadhaa, kwa hiyo weka pedi kubwa, nyingi kuliko unavyodhani zinatosha. Weka chupi za pamba. Na ikiwa amejifungua kwa upasuaji, tafuta zenye kiuno kirefu zisizogusa mshono. Weka sidiria ya kunyonyeshea au gauni pana lenye vifungo mbele, asilazimike kuvua nguo zote kila mtoto anapolia. Weka sabuni ya mche na mafuta ya kujipaka yasiyo na manukato makali. Kama kwenu bado mnafunga mkaja, uweke, lakini aliyeshonwa amuulize muuguzi kwanza kabla ya kujifunga.

Halafu kanga. Weka doti mbili, na uzifue kwanza. Kanga mpya ina wanga; ni ngumu, haifuti maji wala hailainiki mwilini mwa mtoto. Kipande kimoja kitamfuta, kingine kitambeba, cha tatu atajitanda mama, cha nne kitakaa akiba. Na jina la kanga lichague kwa moyo safi. Mafumbo ya ugomvi hayana nafasi chumbani kwa mzazi.

Kisha chakula, na hapa mkono usiwe mzito. Kila kabila letu lina elimu yake. Mzazi wa Kilimanjaro hulelewa kwa mtori, ndizi na nyama ya mfupa vilivyochemshwa na kupondwa mpaka vikawa supu nzito. Wengine hupika uji wa ulezi, wengine supu ya kuku wa kienyeji. Waislamu tunaikumbuka Surat Maryam, ambamo Bibi Maryam, uchungu ulipomshika, aliruzukiwa tende mbivu chini ya mtende. Aliyepoteza damu anahitaji vyakula vya kurudisha damu: nyama, dagaa, maharage, mchicha, matembele. Weka unga wa uji, pilipili manga, tangawizi, tende na dagaa waliochambuliwa tayari. Juu yake weka chupa ya chai, kwa sababu njaa ya mwenye kunyonyesha huja saa nane za usiku, nyumba nzima imelala.

Mwisho weka bahasha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka mama na mtoto wakae chini ya uangalizi kwa saa 24 za kwanza, kisha waonwe na mhudumu wa afya mara tatu nyingine: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika juma la 6. Wako wanaokosa kwenda si kwa ujinga, bali kwa kukosa nauli ya bajaji. Andika tarehe hizo juu ya bahasha, na ndani tia nauli ya kila safari. Nyuma yake andika kwa mwandiko unaosomeka dalili za kukimbiza mtu hospitali bila kungoja kliniki: damu inayolowesha pedi upesi upesi, homa, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, degedege, mguu uliovimba na kuuma, uchafu unaonuka, au huzuni nzito inayomfanya aone bora afe. Mume aisome, na mama mkwe aisome.

Kuna vitu ambavyo naomba visiingie katika boksi hilo. Usiweke maziwa ya kopo wala chupa ya kunyonyeshea kwa kudhani unasaidia. Tangu mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliweka kanuni za kuzuia biashara ya vitu hivyo isiwarubuni akina mama, na Kenya ikatunga sheria yake mwaka 2012. Lisilofaa kunadiwa na mfanyabiashara lisije na utepe wa rafiki. Ikiwa daktari ameagiza maziwa hayo, hilo ni jambo la mzazi na daktari wake. Usiweke dawa ya mitishamba usiyoijua. Usiweke kitu cha kupaka kitovu, yawe majivu au samli. Kitovu kiachwe kikavu na safi, isipokuwa kwa dawa aliyopewa na mhudumu wa afya.

Wengine watasema haya ni mambo madogo ya wanawake, hayafai kujaza gazeti. Nawajibu kwa mfano wa Ufini. Mwaka 1938 serikali ya nchi hiyo ilianza kuwagawia akina mama maskini boksi la mahitaji ya uzazi. Mwaka 1949 likawa haki ya kila mama, tajiri na maskini, kwa sharti moja: awe amekwenda kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Boksi likawa mkono wa kumvuta mama kwa mkunga. Hata leo mama wa Ufini huchagua boksi au fedha. Kama wangeona ni jambo dogo, wangekubali kulilipia kwa miaka yote hiyo?

Wengine watalalamikia gharama. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi ndio tunaochangia harusi kwa kamati na kadi, tukapamba ukumbi kwa maua yanayonyauka kabla ya asubuhi. Marafiki watano wakichanga fedha za suti tano za kitoto, boksi nililolitaja linajaa. Na wanaochelea kununua vitu kabla mtoto hajazaliwa, sitawagombeza. Desturi hiyo ina hofu yake na heshima yake. Changeni kimyakimya, fedha zikae kwa mmoja wenu, vitu vinunuliwe siku habari njema inapofika.

Tena tumkumbuke mzazi asiye na mwajiri. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mmoja kwa mpigo. Muuza mboga na mama ntilie hawana hata siku moja. Arobaini yao huvunjwa na kodi ya chumba. Kwao ongeza unene wa bahasha, maana kila noti unayotia ni siku moja zaidi ya kulala chini ya paa badala ya kuinama juu ya jiko la mkaa na mshono haujapona.

Nina neno moja zito la kusema. Yupo mzazi anayerudi nyumbani bila mtoto. Huyu tunamkimbia. Boksi lililokwisha kufungwa linafichwa, na marafiki wanasema watakwenda "akishatulia". Lakini naye ametokwa na damu. Naye maziwa yamemjaa, na hakuna wa kuyanyonya. Naye anaamka saa nane za usiku. Yapitie upya yale niliyoyataja: pedi, gauni, sabuni, kanga, unga wa uji, tende, chupa ya chai, nauli ya kliniki. Hakuna hata kimoja ambacho hakihitaji. Hicho ndicho kipimo cha zawadi ya mzazi. Ukiona boksi lako halina maana tena kwa sababu mtoto hayupo, jua kwamba mama hakuwamo ndani yake tangu mwanzo. Mpelekee. Usiseme Mungu atampa mwingine. Kaa naye, mmiminie uji, na akilitaja jina la mtoto wake, msikilize.

Ndugu zangu, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji apike. Uendapo kwa mzazi, nawa mikono, usimbusu mtoto, usikae mpaka watu wachoke, na kabla ya kuaga uulize ndoo ya winda iko wapi. Na ukisikia kesho kwamba fulani amejifungua, swali la wa kike au wa kiume liache lingoje kidogo. Uliza kwanza: "Mzazi hajambo?"

Akiwa ni wa kike, ipo siku ataposwa, na mkwe atautoa mkaja mbele za watu kwa vigelegele. Wewe utoe wako sasa, wakati tumbo lingali linahitaji kufungwa.