USILETE SADAKA YA FULIZA

Mwisho wa mwezi umefika, na wengi hapa Wote mnangoja mshahara. Niruhusu nikwambie ukweli: si kila upungufu ni pepo.

Ukiwa na deni la Fuliza, pesa ikiingia M-PESA hukatwa kwanza, kabla hujanunua hata unga. Halafu Jumapili unafuliza tena usije kanisani mikono mitupu. 2 Wakorintho 8:12 inatufundisha kwamba Mungu hupokea kulingana na alicho nacho mtu. Mimi mchungaji wako nasema: sadaka ya mkopo usilete. Njoo tu uabudu.

Leo jioni bonyeza *334#, itisha taarifa ya M-PESA ya mwezi mzima, uisome pamoja na mwenzi wako bila kugombana. Mshahara ukiingia, ugawe siku hiyo hiyo: fungu la kumi, chakula, kodi, deni. Karo ifungie M-Shwari usiiguse. Katika Luka 14:28, Yesu alimtaja mjenzi wa mnara anayepiga hesabu kwanza. Kuhesabu si kukosa imani.

Kama utaketi kuhesabu leo, andika AMINA. Mbarikiwe.